Ukuta wa Nyuma wa Soko la Zamani

Kila siku akitoka shule, Chiriku hupitia soko la zamani, huvua viatu, hukunja mikono ya sweta na kuchukua ndoo. Jina hilo alipewa na mafundi, maana binti huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na maneno usiombe! Mama yake ndiye aliyekuwa fundi plasta pale. Soko lilifungwa kabla Chiriku hajazaliwa, likabaki la popo na mvua. Sasa watu wa mtaa walikuwa wanalifufua: upande huu meza za wauzaji, upande ule maktaba ya watoto na ukumbi wa mikutano.

Kazi ya Chiriku ilikuwa moja tu. Kuta kuukuu kama zile hazitaki saruji, zinataka plasta ya chokaa, na chokaa haipendi haraka. Ikikauka mbio, inapasuka. Kwa hiyo kila ukuta uliopigwa plasta ulifunikwa magunia, naye Chiriku aliyamwagia maji yasikauke.

"Yakikauka tu, jasho langu limekwenda bure," mama alimwambia.

Jumamosi moja wenzake walikuwa wanacheza rede uwanjani. Chiriku alimwagilia kuta za mbele upesi upesi. Ukuta wa nyuma, ule unaopigwa na jua la mchana kutwa, akauacha. Nani atauona? Jumapili akafanya vilevile.

"Umemwagilia zote?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Hata wa nyuma."

Jumatatu magunia ya ukuta wa nyuma yalipofunuliwa, plasta ilikuwa na nyufa kutoka juu hadi chini. Msimamizi wa ujenzi, mzee asiyependa mchezo, alipitisha kidole kwenye ufa mmoja, plasta ikamwagika kama unga.

"Fundi, mchanganyiko huu ndio uliotumia kwenye kuta zote?"

"Ndio huohuo."

"Magunia yalimwagiwa maji?"

"Yalimwagiwa," mama akajibu bila kusita. "Binti yangu aliyamwagia."

"Basi mchanganyiko ni mbovu, na zote zitapasuka. Kesho asubuhi zikwanguliwe. Na wewe uniwie radhi, nitatafuta fundi mwingine."

Chiriku alikuwa amesimama palepale na ndoo yake. Akageuka, akaenda kuchota maji.

Jioni ile nyumbani, mama alitia chembe za mchanga wa kazini mdomoni, akazionja, akatema. "Hauna chumvi ya kupasua plasta," alisema peke yake. "Chokaa nimeiloweka mwenyewe. Sasa nimekosea wapi? Au mikono yangu imekwisha?" Akaitazama mikono yake. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe mbona kimya leo? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

Lakini sahani ya chakula aliisukuma pembeni. Aliogopa kupigwa. Aliogopa zaidi kwamba mama hatamwamini tena.

Asubuhi, kabla ya shule, alimsindikiza mama kuchukua vifaa vyake. Mafundi walikuwa tayari wamesimama mbele ya ukuta wa maktaba, nyundo na tindo mkononi. Mmoja akainua nyundo.

"Ngoja!" Chiriku alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Msibomoe! Ni mimi! Ule wa nyuma sikuumwagilia. Jumamosi na Jumapili nilikwenda kucheza. Mama nilimdanganya!"

Nyundo ikabaki hewani. Msimamizi alimtazama, akaanza kufunua magunia ya kuta nyingine, moja baada ya jingine. Hakuna ufa. Mama akagonga kila ukuta kwa mpini wa mwiko, akitega sikio. Kuta zote zililia nzito, ngumu, ishara kwamba plasta imeshika.

"Fundi, nisamehe," msimamizi alisema. "Mchanganyiko hauna kosa. Vifaa vyako usivitoe."

Fundi mmoja akacheka. "Haya, Chiriku! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe utaujenga kwelikweli!"

Na kweli aliujenga. Kila alasiri, mpaka ukuta wa nyuma ulipokwisha, alichekecha mchanga na kubeba maji, viganja vikamchubuka. Mama hakumpiga. Hakusema naye sana pia, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Siku ya mwisho, mama alifunika ukuta kwa magunia mabichi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu, kwenda kucheza kungetugharimu ukuta mmoja. Uongo ulitaka kutugharimu soko zima." Akaufuta mwiko wake. "Lakini unajua kilichoniuma? Uliposema umemwagilia, sikufikiria hata kidogo kwamba umenidanganya. Nilikuamini wewe, nikajitilia shaka mwenyewe. Anayekupenda usimdanganye, maana huyo hakukagui."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa shika ndoo, jua linawaka."