Komeo la Ndani

—Fungua, mke wangu.

—Fungua mwenyewe. Si wewe fundi?

Fundi Kufuli alisimama kibarazani kwake, mfuko wa vifaa begani, jasho linamtiririka. Makufuli ya nje alikuwa ameshayafungua. Kilichobaki ni komeo la ndani, alilolichonga mwenyewe kwa chuma kinene, akajisifu mtaa mzima kwamba hata fundi mwenzake hataliweza akiwa nje. Sasa aliyekuwa nje ni yeye.

Asubuhi alikuwa ametoka mapema kwenda kwa mteja, akamfungia mkewe ndani. Hakupitiwa. Alifanya makusudi, maana kwenye kundi la simu la mtaa watu waliandika kwamba kuna vijana wasiojulikana wanazungukazunguka. Mkewe ni muuguzi, na siku hiyo alikuwa na zamu. Alimpigia mumewe simu mpaka akachoka. Mashine ya kukata chuma ilikuwa inanguruma, fundi hakusikia kitu. Alipokuja kuitazama simu, alikuta ujumbe:

"Ulitaka nikae ndani. Nimekaa. Sitoki."

Akaacha kazi ya watu katikati, akakimbia nyumbani.

—Nilikuwa nakulinda, alisema, mdomo karibu na ubao wa mlango.

—Na nani?

—Kwani husomi kundi la mtaa?

—Nasoma. Wale vijana juzi walikuwa majambazi, jana ikaonekana ni mafundi wa maji. Wewe ukaishia kwenye majambazi.

Jirani yao, Mama Mapacha, alikuwa anaanika nguo.

—Shemeji, umefungiwa nje? Nikuitie fundi?

Akacheka peke yake. Alipouona uso wa shemeji yake, akabeba beseni lake akaingia kwake taratibu.

—Mkuu wa wodi ameniandikia, sauti ya mke ilitoka ndani. Sikiliza: "Zamu yako ameishika mwenzako, tena. Kesho njoo ujieleze." Nikajieleze nini, baba? Kwamba mume wangu ananifungia kama baiskeli?

—Mwambie uliumwa.

—Mimi siumwi. Mgonjwa yuko hapo kibarazani.

Fundi alitua mfuko wa vifaa. Akakaa chini, mgongo kwenye mlango.

—Tangu siku ile wezi walipoingia, mimi sijawa sawa.

—Haya, siku ile. Iseme.

—Unaijua.

—Nataka niisikie kwako.

Simu ikatetemeka mfukoni. Kundi la mtaa hilo. Kwa mara ya kwanza hakuitoa.

—Nilikuambia nilikuwa nimetoka, nikarudi nikakuta wameshaondoka. Sikutoka. Nilikuwa stoo. Nilikusikia unapiga kelele, unaniita. Miguu ikakataa. Nikaukamata mlango kwa ndani, nikaushikilia mpaka walipoondoka. Wewe uko kule na wale watu, mimi nimeshikilia mlango.

Halafu sauti ikaja kutoka chini, usawa wa sikio lake. Na yeye alikuwa amekaa sakafuni.

—Najua.

—Unajua nini?

—Mmoja wao aliusukuma mlango wa stoo, ukagoma. Akadhani umefungwa, akaachana nao. Mlango ule haukuwa na kitasa, mume wangu. Miaka nakuomba uuwekee, unaniambia kesho, una kazi za watu.

Fundi alijifunika uso kwa viganja vyenye grisi.

—Mbona hukusema?

—Nilikuwa nakusubiri wewe. Woga wako nilikusamehe siku ileile. Hata mimi magoti yaligongana. Lakini ukaanza kuleta makufuli. Nikiamka, kufuli jipya. Nikienda kazini, unanisindikiza. Nikitoka, uko getini. Wezi walikuja wakaenda zao. Aliyebaki ananifungia ni wewe. Ulikuwa unaogopa nini?

—Kwamba ukijua, utaniacha.

Komeo likakwaruza. Mlango ukafunguka, akatoka mkewe, sare za uuguzi zikiwa bado mwilini tangu asubuhi, begi mkononi.

—Unaondoka?

—Naenda kwa dada. Wewe lala humu leo. Mlango uurudishie tu, usiufunge.

—Siwezi, mama.

—Basi usinipigie.

Akashuka ngazi. Fundi alipiga hatua ya kumfuata, kama alivyozoea. Mke akainua mkono bila kugeuka. Fundi akasimama pale pale, akamtazama mpaka akapinda kona.

Kulipokucha simu iliita. Ni mkewe.

—Ulilala?

"Nililala vizuri sana." Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza.

—Sikulala. Nimekaa kwenye kochi natetemeka kama mtoto. Paka karuka juu ya bati, kidogo nilie.

—Na mlango?

—Nimeurudishia tu.

Upande wa pili kulisikika magurudumu ya kitanda cha wodini yakipita, na mtu anamwita sista. Mke alivuta pumzi ndefu.

—Mkuu wa wodi nimemwambia ukweli, alisema. Zamu yangu inaisha jioni. Usije kunipokea, sawa? Nitakuja mwenyewe. Na usisimame kunifungulia. Nitausukuma.