Gari la Ukaguzi Halijatoka

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa tano na dakika ishirini asubuhi, jua likiwa kali na ndege mbili zikisubiri zamu angani, pale mkaguzi wa njia alipolaza kichwa juu ya usukani katikati ya njia ya kurukia ndege, asikiinue tena.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Mara nne kwa siku aliingia na gari la njano, akaenda mwanzo hadi mwisho wa njia akiokota jiwe, kipande cha mpira, kunguru aliyekufa, chochote kinachoweza kumezwa na injini ya ndege. Hakuingia bila kuomba ruhusa mnarani, na hakutoka bila kusema redioni: "Mnara, gari la ukaguzi limetoka njiani." Akishasema hivyo, mama aliyekuwa akiongoza ndege huko juu aliondoa kibao chekundu mezani pake, na ndege ikaruhusiwa kutua.

Siku ile hakuna aliyesema. Gari la wagonjwa lilimchukua marehemu, gari la njano likavutwa kwa kamba, na angani mafuta ya ndege yalikuwa yanakwisha. Mama Mnara, kama alivyoitwa na wote, alikiondoa kibao kwa mkono wake mwenyewe, kimya, machozi yakimdondoka mezani.

Wiki ya tano baada ya mazishi, mdogo wake marehemu, aliyekuwa fundi wa taa za pembeni, alipewa gari lile na kazi ile. Alikuwa mtu mpole, mzito wa kusema. Kaka yake alimwita Kobe, na hakuna mwingine aliyethubutu kumwita hivyo.

Alichokiona kwanza kilikuwa kitu kidogo. Njia ile ina kilomita tatu kamili, hata mfagizi wa karakana anajua. Lakini asubuhi ya kwanza kipimo cha gari kilisoma tatu nukta moja. Wiki iliyofuata, tatu nukta nne.

"Gari limezeeka," akasema makanika. "Hata mimi nikienda msalani siku hizi naona mbali."

Mdogo mtu akacheka, kwa sababu ilibidi. Lakini ndani ya gari mlikuwa na harufu ya udongo uliolowa, kama ya mtu aliyetoka kuchimba kisima, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikwenda kumjulia hali shemeji yake, mjane wa kaka, aliyekuwa bado ndani ya eda. Yeye alikaa barazani, shemeji akakaa ndani, mlango umeachwa nusu wazi kati yao.

"Umekonda, shemeji," mjane akasema. "Unakula nini huko, moshi wa ndege?"

"Kazi tu."

"Na kaka yako naye alikuwa akisema kazi tu. Haya, kaa. Usiondoke kabla ya saa tano na nusu."

Hakuuliza kwa nini. Juu ya mkeka, karibu na msahafu, aliiona redio ya mkononi ya kaka yake. Mgongo wa redio ulikuwa wazi, na betri imewekwa kando, juu ya kitambaa.

Saa tano na dakika ishirini redio ikakoroma.

"Mnara," ikasema, kwa sauti ya kaka yake, ile sauti yenye mkwaruzo wa sigara alizoziacha zamani. "Gari la ukaguzi bado lipo njiani."

Ikasema mara tatu, kisha ikanyamaza. Mdogo mtu alijikuta amesimama, kiatu kimoja kimemvuka.

"Tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu mliporudi makaburini."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningesema mngeichukua."

"Shemeji, yule si kaka."

"Najua si yeye," mjane akasema. "Nimesoma vya kutosha kujua kwamba aliyekufa yuko kwa Mola wake. Lakini anasema kama yeye."

Kesho yake alimfuata Mama Mnara kwenye kantini ya wafanyakazi, akamweleza yote pole pole. Mama Mnara aliacha chai yake ipoe. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Uwanja huu ulianza na nyasi," akasema kwa sauti ya chini. "Vindege vya barua, kibanda kimoja cha bati. Mji ulipofanywa makao ya serikali, wakataka ndege kubwa, basi njia ikarefushwa kule mashariki. Kule kulikuwa na kisima, na kisima kilikuwa na mwenyewe. Tingatinga lilizama mara mbili mahali pakavu. Ndipo akaitwa mwalimu wa madrasa, akasoma siku tatu, wakaafikiana na huyo asiyeonekana. Atakayeingia aombe ruhusa. Atakayetoka aseme ametoka. Asiyesema, ni wa kisima."

"Mimi nilidhani ni kanuni za usalama."

"Ni kanuni za usalama pia, mwanangu. Zote mbili zinafanya kazi." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilifundishwa haya, na siku ile nikakiondoa kibao bila neno. Kwenye daftari la huyo bwana wa kisima, gari lile bado lipo ndani. Na sasa wewe ndiye unayekaa kwenye kiti chake."

"Basi tamka sasa."

"Natamka kila siku. Hanisikilizi. Mimi si ndugu wa marehemu."

"Nitatamka mimi."

"Wewe umo ndani ya gari. Wa kumtoa ni mwenye haki naye kuliko wote, na huyo ni mkewe."

Jioni akampigia shemeji simu, akamweleza.

"Nikisema hivyo, ile sauti itanyamaza?"

"Itanyamaza."

"Na mimi nitabaki na nini, shemeji?"

Wakaagana bila kumaliza.

Jumatano, saa tano na dakika tano, aliomba kuingia, akaruhusiwa. Alipita njia ya kwanza ya kutokea, akapita ya pili. Ya tatu haikuja. Akakaza mwendo, mvuke wa jua ukicheza mbele yake juu ya lami, na kipimo kikasoma kilomita nne, kisha tano, na alipotazama kioo cha nyuma jengo la abiria lilikuwa limekuwa dogo kama kiberiti, ingawa pembeni taa alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe ziliendelea kumpita moja baada ya moja, zile zile, na mojawapo ilikuwa na ufa anaoujua, nayo ilimpita mara tatu.

"Gari la ukaguzi," Mama Mnara akaita. "Mbona umesimama? Nakuona hapo hapo ulipoingilia. Nina ndege inakuja."

"Sijasimama, mama. Naenda themanini."

Mama Mnara akajibu polepole zaidi: "Mwanangu, magurudumu yako hayazunguki."

Hapo ndipo alipoanza kusikia kugongwa, kutoka chini, chini ya gari na chini ya lami, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja na hana haraka, na harufu ya udongo ikajaa mpaka kooni, na mbele kwenye mvuke akaliona gari la njano lenye namba ile ile ya gari lake, na ndani yake mtu aliyelaza kichwa juu ya usukani, na kichwa kile kilikuwa kinainuka, kidogo kidogo, kama kinachovutwa na uzi.

"Mdogo wangu," redio ikasema kwa sauti ya kaka yake. "Simama kidogo unisaidie."

Kaka yake hakuwahi kumwita mdogo wangu, hata siku moja; siku zote alimwita Kobe. Alijua hivyo, akalishika jambo hilo kama mtu anavyoshika kamba, akaanza Ayatul Kursi, lakini ulimi ukawa mzito katikati, akarudia, ukawa mzito pale pale, na mguu wake, bila yeye kuuamuru, ukaanza kuinuka kwenye pedali ya mafuta.

"Ndege nimeirudisha juu mara moja," Mama Mnara akasema, sauti ikitetemeka. "Mara ya pili haina mafuta. Toka, mwanangu. Toka."

Redio ikakwaruza. Mtu akasafisha koo.

"Mnara," ikasema sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyeyasikia maneno hayo nyumbani kwake miaka ishirini na miwili. "Huyu ni mke wa marehemu. Gari la ukaguzi limetoka njiani. Dereva wake ametoka, tarehe tisa mwezi wa tatu, saa tano na dakika ishirini. Mimi nimemwachia. Nimemsamehe yote, naye anisamehe."

"Nimekupata," Mama Mnara akajibu, akilia. "Limetoka."

Redioni kikasikika kibao kikiwekwa kando. Mbele hapakuwa na gari jingine. Njia ya tatu ya kutokea ilikuwa mkono wake wa kushoto, hatua thelathini tu. Aliingia humo, akatamka maneno yake mara mbili, na nyuma yake ndege ikatua.

Jioni alipofika barazani, shemeji alipitisha redio kwenye uwazi wa mlango. Betri ilikuwa ndani.

"Warudishie kazini," akasema. "Sasa imekuwa redio tu."

"Ulijuaje kwamba nimo njiani?"

"Ilikuita kwa sauti yake. Mimi nikakaa naisikiliza, shemeji. Nilikaa kidogo kabla ya kutia betri. Mungu anisamehe kwa hicho kidogo."

Siku hizi kipimo kinasoma tatu kamili. Ila kila akikaribia njia ya tatu ya kutokea, husikia pigo moja la kiganja kutoka chini, moja tu, la yule anayesubiri atakayesahau kutamka. Naye hutoka, hutamka, huzima gari, kisha huinua mikono palepale:

Ewe Mola, umghufirie kaka yangu na umrehemu. Umpanulie kaburi lake, ulitie nuru, wala usimfungie njia. Na sisi tuliobaki, siku yetu ikifika, utujaalie atakayetuombea. Amina.