Mkono Uliokataa Kutupa Udongo

Mlango wa ukumbi wa chuo ulikuwa umefurika wanafunzi. Binti fundi cherehani alikuwa akijipenyeza katikati yao, kakumbatia majoho aliyotumwa kuyaleta, mara akagongana kifua kwa kifua na mchumba wake. Kijana kavaa suti ya kijivu, ananukia manukato.

"Wewe si umeniambia uko safarini?"

"Mpenzi, shusha sauti. Leo wanaonyesha filamu yangu. Ile ya watu na udongo."

"Na mimi sikualikwa?"

Binti akampita, akakaa kiti cha nyuma, majoho mapajani.

Filamu ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Mkulima akinusa shamba lililonyeshewa, mjamzito akitafuna udongo kwa kujificha, watoto wakifinyanga vigari. Kisha likaja kaburi, na gauni jeusi lenye vifungo vya lulu kwenye kiwiko. Gauni hilo binti alilishona mwenyewe. Yalikuwa mazishi ya baba yake! Kijana aliombwa apige picha zile kwa ajili ya shangazi aliye ng'ambo, basi. Wote walitupa udongo kaburini. Mkono wa binti ukafumba ngumi, ukarudi nyuma. Hapo sauti ya kijana ikasema, "Mapenzi ya mtoto yanakataa kumfukia mzazi."

Ukumbi mzima ukavuta kamasi, kisha makofi. Binti akayaacha majoho kitini, akatoka.

Simu ililia njia nzima. Alipokea alipofika kwenye chumba chake cha kushonea.

"Sema."

"Sikuonyesha uso wako, laazizi. Mkono tu. Nani ataujua?"

"Kwani mkono si mtu? Nani alikuruhusu?"

"Nilijua utakataa."

"Kumbe ulijua!" Akakata.

Jioni kijana akaja, viatu vimejaa vumbi. Binti hakuinua macho, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Nimekitoa kile kipande. Mwalimu kasema bila hicho filamu haina kichwa wala miguu. Sitahitimu na wenzangu."

"Usinitwishe mimi. Umeiba, umerudisha. Sasa unataka zawadi?"

"Nataka unisamehe. Niliona unavyompenda baba, nika..."

Cherehani ikanyamaza.

"Mapenzi gani? Ile ilikuwa hasira! Baba alikukataa wewe mpaka anakata roho. Aliniita nimsogelee kitandani, sikwenda. Kaburini nikamnyima hata udongo. Leo watu wako wamelilia uongo, na mimi nimekaa pale nasifiwa kama malaika!"

Kijana akamkodolea macho.

"Usinitazame hivyo. Moyo wangu ndio huo, una kinyongo. Ukitaka kuoa, oa na kinyongo chake. Hutaki, mlango ule pale."

Kijana akautazama mlango. Akaenda akaufunga, kwa ndani, akavuta kigoda akakaa.

"Nakuoa," akasema. "Ila unanitisha, bibie."

"Nitakutisha sana," binti akajibu, akaivuta nguo chini ya sindano.