Tonge la Cibalonza

Familia ile ya mtaa wa Nguba ilikuwa mezani, mchana wa Jumapili, misa imekwisha na mvua inanyesha ziwani, waliposikia mtu akikwangua chungu. Kwaru, kwaru, kama mtoto anayetafuta ukoko. Jikoni hapakuwa na mtu. Mpishi alikuwa ameenda kubatizisha mtoto wake. Emile, baba mwenye nyumba, mwalimu wa chuo na mtu wa kuheshimu sababu za mambo, aliinuka kwenda kuangalia paka. Hakumwona. Aliporudi na kuketi, sauti ilianza tena, na safari hii wote watatu walijua inakotoka, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Ilitoka chini ya kitambaa cha meza, tumboni mwa mke wake.

"Maman," aliuliza Domitille, binti yao wa pekee, "nani anakwangula chungu mu tumbo yako?"

"Kula bugali yako," mama yake alijibu, akakivutia kitambaa cha meza magotini.

Mama huyo ni Georgette, aliyekuwa na duka la vitenge katikati ya Bukavu. Mji mzima ulimjua, na nusu ya mji ilimcheka, kwa sababu watu wetu wanakuheshimu kwa unene wako hadi siku unaposhindwa kupanda ngazi ya kanisa, hapo wanakuita Maman Camion, Mama Lori. Lakini hakuzaliwa mnene. Alipokuwa msichana alikuwa mwembamba kama ufito, na angebaki hivyo kama serikali isingeamua kwamba majina ya watakatifu ni ya kikoloni. Mnakumbuka zamani zile. Kila mtu aliambiwa atafute jina la mababu, na watu wakaenda kuyachimbua majina ya wafu bila kuwauliza wenyewe. Georgette alifika kwenye dirisha la ofisi ya komini, nyuma yake watu wanasukumana, karani anamtazama kwa hasira, naye akatoa jina la kwanza lililomjia mdomoni: Cibalonza, jina la mama mzazi wa baba yake, aliyefia kijijini Nyangezi kabla yeye hajazaliwa. Karani aliandika. Huko Nyangezi hakuna aliyeambiwa, wala tone la kasiksi, pombe ya ndizi, halikumwagwa chini.

Njaa ilianza mwaka uleule. Haikuwa njaa ya kawaida. Alikula akashiba, na baada ya kushiba kulikuwa na mtu mwingine ndani yake ambaye hajaonja kitu.

Alipokuwa hawezi tena kulala chali, Emile alimpeleka ng'ambo, Bruxelles. Madaktari walilibana tumbo lake kwa vibanio vya chuma, wakaacha kijifuko kidogo juu, akarudi anapungua na mji ukampigia makofi. Kisha unene ukarudi, na ukaja na sukari na moyo uliochoka. Docteur Isidore, aliyemtunza pale Bukavu, alitazama picha akatikisa kichwa.

"Vibanio viliachana, maman. Ni kama mutu alisukuma toka ndani." Alicheka kidogo. Georgette hakucheka. "Itabidi barudie opération. Na hii mara ya pili njo ya mwisho. Moyo yako haitavumilia ya tatu, na bila hii hautamuona Domitille akiolewa."

Basi akaanza maandalizi. Apungue kwanza, maini yapate kuwa madogo na kisu kipate njia. Mchuzi mwembamba asubuhi, mchuzi mwembamba mchana, hakuna bugali, hakuna sombe ya majani ya muhogo, hakuna sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga, hakuna pombe. Na kadiri alivyofunga ndivyo kile chungu kilivyokwanguliwa. Kilikwanguliwa dukani mbele ya wateja, kilikwanguliwa kanisani wakati wa kimya cha komunyo, na pamoja na sauti ilikuja harufu ya udongo uliolowa, ikitoka mdomoni mwake kila alipopumua, hata Emile akahamishia kitanda chake kwenye chumba cha vitabu akisema ana kazi nyingi.

Ndipo alipokuja shangazi Séraphine kutoka Nyangezi, na kikapu cha maharage kichwani. Hakuwa amekaribishwa kiti aliposikia sauti ile. Alishusha kikapu polepole.

"Hii sauti mi naijua," alisema. "Ni ya mama yangu."

"Tantine, usiniogopeshe."

"Ulibeba jina yake kwa ruhusa ya nani?" Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa. "Mwaka ya njaa kubwa, alitupatia siye batoto kila kitu. Yeye alikuwa anabakia na chungu, anakwangula, anakwangula, ata kama hamuna kitu. Siku tulimukuta amekufa, mu kinywa mulikuwa udongo. Weye ulimuita ku meza, mutoto yangu, na haukumupa sahani. Sasa anakula kwako."

Georgette alilia. Alilia kwa hofu, na kwa aibu pia, maana miaka yote ile alikuwa amejichukia yeye mwenyewe, amejiita mlafi mbele ya kioo.

Séraphine alimwonyesha la kufanya. Tonge la kwanza la bugali, kabla mtu yeyote nyumbani hajala, liwekwe chini kando ya mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba, na mwenye jina amwite mwenye jina, amwite Koko, yaani bibi. "Kila siku. Ukianza, usiache. Na iwe mukono yako, hapana ya mutu mwingine."

Siku ya kwanza alipoweka tonge, tumbo lilinyamaza. Aligeuka kuchukua maji, alipotazama tena tonge halikuwapo, na kuku walikuwa bandani. Aliogopa, lakini tangu hapo mchuzi ulimtosha. Alipungua bila kuteseka, na Docteur Isidore akajisifu.

Kabla ya safari alimuuliza daktari swali moja. "Ile tumbo ya zamani, bataiondosha?"

"Hapana. Batakata juu, bataunganisha na utumbo. Ile kubwa itabakia mule mule, imefungwa. Chakula haitaingia tena."

Swali hilo alikuwa amelifikiria sana. Kama bibi kizee bado yumo, basi abaki humo amefungiwa, na njaa yake iwe yake. Huyo ndiye Georgette, na mimi simsamehe: alitaka kumlisha bibi yake mlangoni na kumfungia chumbani kwa wakati mmoja.

Lakini nani atatoa tonge akiwa Bruxelles? Emile alikataa, alisema hayo ni mambo ya watu wasiosoma. Georgette hakuona ugumu. Duka lake, benki, hata kiwanja chake, vyote aliviendesha kwa procuration, karatasi ya kumpa mwenzako ruhusa ya kutia sahihi mahali pako. Katika mji wetu mtu mkubwa hapangi foleni mwenyewe. Alimwita Domitille nyuma ya nyumba.

"Minakupatia procuration," alimwambia, akimfunga vizuri kitambaa cha kichwa. "Kila siku unaweka tonge hapa, unasema, Koko Cibalonza, njo ukule. Usimwambie papa."

"Na yeye atakuya?"

"Atakuya. Usimutazame."

Msichana alicheka, akajiona mtu mzima. Alifanya kila siku, bila kukosa, kwa moyo safi, na siku nyingine alimwongezea kipande cha samaki kutoka sahani yake mwenyewe.

Georgette alirudi wakati wa kiangazi. Watu walienda mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu kumtazama akishuka, na waliokuwa wanamwita Maman Camion ndio waliokuwa mbele. Maisha mapya yalikuwa na adabu zake. Alikula kijiko, akatafuna mpaka kikawa maji, akapumzika, akala kijiko kingine, na akiongeza cha nne tumbo lilikirudisha. Maji hayakunywewa pamoja na chakula. Kipande cha keki kwenye harusi ya jirani kilimtoa jasho na kumwendesha moyo mbio mpaka akalazwa kwenye gari. Nywele zilibaki kwenye kitana, ngozi ya mikono ilining'inia. Hayo yote aliyapokea kwa furaha, kwa sababu tumboni mwake kulikuwa kimya. Alikuwa hajawahi kujua kimya kina utamu gani.

Siku aliyorudi alimwambia Domitille, "Procuration imekwisha. Kuanzia leo nitaweka miye." Aliweka tonge. Kesho yake lilikuwepo palepale, limekauka. Aliweka jingine, likapata sisimizi. Akasema moyoni, amekwenda, asante Mungu, akaacha.

Sketi ya shule ya Domitille ililegezwa kiunoni, kisha ikalegezwa tena. Mama yake alifurahi. Mtoto anakua, alisema, na mtu asiyeweza kula hupenda kumwona mwingine akila.

Séraphine alirudi siku ya mvua, saa nane mchana. Alipita nyuma, akalitazama tonge kavu lililobaki chini ya ukingo wa paa, kando ya mbabula, kisha akaingia na maji yakimchuruzika.

"Wakati haukukuwa hapa, nani alitoa tonge?"

"Domitille. Nilimuachia procuration."

Shangazi alikaa chini sakafuni, pale pale. "Georgette, mukono inayomulisha njo nyumba yake. Nilikwambia."

"Haukuniambia hivyo, tantine. Ulisema tu mukono yangu."

"Na ulitaka nikwambie nini ingine?"

Ndipo waliposikia, kutoka jikoni, kwaru, kwaru. Georgette alisimama, akatembea kwenye ule ukumbi ambao amepita maelfu ya mara na ambao sasa ulikuwa mrefu, na harufu ya udongo uliolowa ikamjia usoni, akajiambia ni mvua, ni bustani, ni dirisha mtu ameliacha wazi, akasukuma mlango na kumkuta binti yake amechuchumaa nyuma ya stovu, kichwa kimeingia kwenye sufuria kubwa ya bugali, mabega yanapanda na kushuka, kucha zinatembea kwenye chuma mahali ambapo hapakuwa na kitu tena, hapakuwa hata na ukoko, na bado anakwangua, na mdomo unatafuna, na alipoinua uso macho yake yalikuwa ya mtoto aliyelia sana na udongo mweusi ulikuwa umemshika kwenye fizi.

Georgette alipiga magoti. "Koko, rudia kwangu. Miye njo nilikuita. Huyu hana kosa."

Domitille alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzee, ya polepole, yenye lafudhi ya Nyangezi, wala haikuwa na hasira.

"Nafasi iko wapi?"

"Iko. Iko, koko, tazama." Alichukua mabaki ya bugali kwenye sahani ya mpishi, akajisukumia mdomoni, tonge, na jingine, na jingine, bila kutafuna, machozi yanamtoka, mpaka kifua kikambana na vyote vikarudi sakafuni mbele ya magoti yake. Alijaribu tena. Vilirudi tena. Kazi ya madaktari wa Bruxelles ilikuwa nzuri sana.

"Kwako balijenga ukuta," ilisema ile sauti. "Hapa mulango iko wazi. Huyu mutoto alinipatia na roho muzuri, ata samaki. Mara mbili muliniita ku meza, mara mbili mukaondosha sahani. Sasa minakaa."

Séraphine, mlangoni, alimsihi mama yake kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa majina yote ya sifa aliyoyakumbuka. Alimwahidi kasiksi, alimwahidi mbuzi. Mtoto alimtazama kama mtu anavyotazama watu wanaopita barabarani. Kisha uso ukalegea, na sauti ya Domitille, sauti yake mwenyewe, ndogo, ikasema, "Maman, mi niko na njaa."

Mganga aliletwa kutoka Walungu, akavunja vyungu, akaenda. Padri aliletwa, akanyunyiza maji, akaenda. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Docteur Isidore alimpima msichana uzito, akaandika, akasema kwa upole kwamba mambo haya hurithiwa, na kwamba akifika umri unaofaa, huko Bruxelles kuna madaktari wazuri. Georgette alimjibu asante.

Jumapili iliyofuata walikaa mezani baada ya misa. Mbele ya Georgette kulikuwa na kisahani cha kahawa chenye vijiko vitatu vya viazi. Mbele ya Domitille kulikuwa na sahani ya pili, imekwisha. Mvua ilikuwa inanyesha ziwani. Kwaru, kwaru. Georgette aliweka mkono tumboni mwake haraka, akaubonyeza, akasikiliza kwa mwili mzima, akiomba iwe ni kwake. Tumbo lake lilikuwa kimya.

Emile alifuta midomo yake, akaondoka kwenda kuangalia paka.