Feni ya Gari la Marehemu

Haya yalimfika rafiki yangu Faiz, fundi wa umeme wa magari pale Majengo, na Faiz si mtu wa kuzua.

Bi Parvin, mjane wa Mji wa Kale, alimwita jioni moja. Gari la marehemu mumewe, alisema, huvuma lenyewe bandani kila magharibi.

"Hiyo ni feni ya rejeta," Faiz akamwambia. "Sensa hupima joto la maji, kompyuta ya gari ikaiamrisha rilei, ile swichi ndogo, rilei ikapeleka umeme. Hata injini ikizimwa, feni huzunguka mpaka joto lishuke. Nani aliliendesha leo?"

"Hakuna," akajibu nyuma ya pazia. "Mimi niko edani, na ufunguo ninao mwenyewe. Hiyo ndiyo saa aliyokuwa akirudi kutoka dukani."

Faiz akaguna moyoni. Mjane aliye edani hatoki ila kwa dharura. Huyu alikuwa akienda wapi kwa siri?

Adhana ya magharibi ilipoanza, Faiz alikuwa bandani, gizani. Akasikia rilei ikilia: ta! Feni ikaanza kuvuma. Akafungua boneti, akaigusa injini apate ushahidi wake. Ilikuwa baridi kama mtungi, na tairi zote nne zimelala bila upepo.

Akaing'oa rilei, kidude kisichozidi kibiriti, feni ikanyamaza. Akaitia mfukoni mwa shati, akaenda zake bila kuaga.

Magharibi ya kesho yake alikuwa msikitini Makadara, rilei ingali mfukoni. Watu wakapanga safu, pakawa kimya. Kifuani mwake, rilei ikalia: ta!