Zamu ya Kumpa Sofia Joto

Kariakoo haikawii kuamka. Adhana ya alfajiri inakuta mikokoteni imeshaanza kupita mtaa wa Mafia, na watu wa mizigo wanapigiana miluzi. Ummy aliwasikia wote, maana hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, mwanawe kifuani.

Mtoto huyo ni Sofia. Alizaliwa kabla ya mwezi wake, mdogo mno, masikio laini kama karatasi iliyolowa. Hospitali walikaa naye mpaka alipoweza kunyonya. Huko wodini muuguzi, Sista Scholastika, alimfundisha Ummy kumbeba kwa mtindo wa kangaroo. Mtoto havalishwi nguo, ila nepi, kofia na soksi. Anawekwa wima katikati ya maziwa ya mama, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande ili apumue vizuri. Kisha anafungwa kwa kanga, usiku na mchana. Joto la mama ndilo linalomlea.

Wodini ilikuwa rahisi. Nyumbani kukawa kugumu. Kuna kufua, kuna wageni wanaokuja kutoa hongera, na mgongo unauma. Mumewe, Hashimu, huuza nyanya kwa jumla sokoni. Hutoka alfajiri, hurudi adhuhuri, akishakula huyo barazani kucheza bao. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani tu kwamba mtoto mchanga ni mambo ya wanawake.

Mama mkwe wa Ummy, Bi Zamda, ndiye aliyempikia uji wa pilipili manga. Alimwona mkwewe anavyokwisha kwa uchovu, akamhurumia. Siku moja akaingia na jiko la mkaa, akaliweka karibu na kitanda, akafunga dirisha na mlango. Akasema hata wao walilelewa hivyo. Chumba cha mzazi kinapashwa joto, mtoto analazwa, na mama naye anapata kulala.

Ummy hakubisha. Alimviringisha Sofia kwa kanga mbili, akamlaza, akalala.

Tangu hapo kila mchana ikawa hivyo. Na kila alipoamka aliifungua kanga achungulie. Je, amenenepa? Mapaja yamejaa? Mapaja yalikuwa vilevile, kama vijiti. Ummy aliomba, "Ya Rabi, mkuze upesi." Dua haijatulia, ameshamfungua tena.

Siku ya kliniki walikwenda wote wawili, Ummy na Bi Zamda. Sofia alipowekwa kwenye mzani, uzito ulikuwa umepungua.

Sista Scholastika hakukaripia. Aliuliza tu siku zinavyokwenda nyumbani, na Ummy akaeleza yote, jiko na kila kitu. Bi Zamda akakohoa, akasema siku hizi hata kichwa kinamuuma akikaa mle chumbani.

"Bibi, hiyo ni hewa ya mkaa," Sista alisema. "Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu. Huioni na haina harufu. Mtu mzima anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anaweza hata kufa usingizini. Sembuse huyu. Jiko likae nje."

Bi Zamda alimtazama mtoto. "Nilitaka apate joto."

"Najua, bibi. Joto lake liko kwa mama yake." Akamgeukia Ummy. "Na wewe mama Sofia, kila ukimfungua kumchungulia, joto linatoka. Nguvu anayoipata kwenye maziwa inaishia kupigana na baridi. Atakua na nini?"

"Nimechoka, Sista," Ummy alisema.

"Utaachaje kuchoka, uko peke yako? Mtu yeyote wa nyumbani aliye mzima anaweza kumbeba. Bibi ana kikohozi, yeye asubiri. Baba yupo?"

"Yupo."

"Ana kifua?"

Bi Zamda akacheka mpaka akakohoa tena. Sista akawaonya jambo moja zaidi. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa baridi, au akipumua haraka haraka, wamlete hospitali saa hiyohiyo. Hapo si pa kusubiri.

Jiko likatoka nje. Lakini Ummy hakumwambia Hashimu habari ya kubeba. Mwanamume wa mtaa ule kufungwa mtoto kifuani? Aliona haya hata kulitamka.

Akawa anakaa dirishani, Sofia amefungwa kifuani. Ghorofa la jirani lilikuwa na kiyoyozi ukutani, na juu yake njiwa alikuwa amejenga kiota kwa nyasi na kamba za nailoni za mizigo. Ummy hakuwa na kingine cha kutazama. Malori yakapiga honi, jenereta likanguruma, mvua ikanyesha na kukatika. Njiwa hakuondoka. Wala hakuinuka kuchungulia mayai.

Ummy akauona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kanga. Akaurudisha.

"Ya Rabi," akasema polepole, "mimi nimempa joto. Kukua kwake nakuachia Wewe."

Hashimu aliporudi kula, njiwa wa pili alikuja. Yule wa kwanza akaruka, yule aliyekuja akalalia.

"Wanapokezana," Ummy alisema.

"Huyo aliyekuja ni dume," Hashimu alisema, mdomo umejaa wali. "Mchana hukaa dume, jike akale apumzike. Mimi nimefuga njiwa Ilala, nawajua. Jike akiachiwa peke yake..."

Akaacha kutafuna.

Ummy alimtazama tu, macho mekundu.

"Watanicheka barazani," Hashimu alisema.

"Watakucheka."

Hashimu alisukuma sahani pembeni. Kisha akainuka, akaenda kuoga vizuri, akarudi akavua shati. Bi Zamda akamfunga mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

Alipotoka naye barazani, walimcheka kweli. Mwenzake Haruna alimuuliza anatarajia kujifungua lini, na kama maziwa yanatoka. Hashimu akamjibu kwa sauti ya chini, "Cheza kete zako. Mtoto amelala." Kesho yake walimcheka kidogo. Baadaye wakawa wanapunguza sauti wenyewe.

Waliporudi kliniki mara ya kwanza, uzito haukuongezeka. Ulisimama tu. Ummy alitaka kulia, lakini Sista akasema aliyekuwa anashuka akisimama ni habari njema. Wakaendelea na zamu. Uzito ukaanza kupanda, taratibu sana.

Siku moja Sofia akaanza vurugu. Alipiga mateke ndani ya kanga, akatoka jasho, akalia kila alipofungwa. Ummy akaingiwa na hofu, akamkimbiza kwa Sista. Sista akampima, akamsikiliza kifua, akamweka kwenye mzani.

"Haumwi," akasema. "Amekua, na amewachoka. Anataka kulala mwenyewe."

Nyumbani walimvalisha gauni, gauni la kwanza, wakamlaza chali ndani ya chandarua. Ummy akabaki ameketi, mikono haijui iende wapi. Kifua chake kilikuwa cha baridi.

"Lala, mwanangu," Bi Zamda alisema. "Mimi nipo."

Ummy akanyoosha mgongo wote kitandani, kwa mara ya kwanza bila kuhesabu zamu. Alitaka kusema alhamdulillahi. Alifika katikati ya neno, usingizi ukamchukua.