Jedwali Moja la Mjomba

Nilimkuta mjomba wangu kwenye kompyuta yangu, saa moja kabla ya kukabidhi kazi... anabadilisha ukurasa wangu.

Mjomba yule yule aliyeniingiza kwenye ile ofisi ya kutengeneza tovuti!

Nilisimama mlangoni na chai mkononi. Hakuniona.

Ngojeni niwaeleze kwa nini damu ilinichemka.

Bosi alishatuambia kwamba kati yetu wawili atabaki mmoja, na tovuti ya hospitali ndiyo ingeamua.

Mjomba ni mtu wa majedwali. Ukurasa mzima anaukatakata visanduku: nembo hapa, menyu pale, habari kule. Ukiongeza picha moja, kila kitu kinahama. Kwenye simu ndiyo usiseme, unasukuma kulia na kushoto mpaka kidole kinachoka.

Mimi ni mtu wa CSS, ile lugha ya kupanga na kupamba kurasa. Maneno yanakaa kwenye faili lake, rangi na mpangilio kwenye faili jingine. Nagusa mstari mmoja, kurasa zote zinabadilika, na kwenye simu vitu vinajipanga vyenyewe.

Bosi alichagua yangu ndiyo ipelekwe; hospitali wakiikubali, kazi ni yangu. Mjomba akanipongeza, akanishika na bega. Mimi kwa kiburi changu nikatangaza ofisi nzima kwamba humo ndani hakuna hata jedwali moja.

Sasa leo namkuta anaandika jedwali kwenye kazi yangu!

Nikajua ni wivu. Sikumuuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa bosi, nikamwambia mzee anaharibu kazi ili nionekane sijui.

Bosi akaja, akaona jedwali kwenye skrini.

"Mzee, nani amekuruhusu kugusa hii kazi?"

Mjomba alinitazama mimi kwanza. Kisha akatazama chini.

"Hakuna," akasema.

Aliambiwa akusanye vitu vyake. Akachukua miwani, kikombe na sweta lake, akatoka bila kugombana na mtu.

Mpaka hayo yaishe, muda wa kurekebisha hatukuwa nao. Tulikwenda hospitali na ukurasa ulivyokuwa.

Matroni hata hakutazama kompyuta yetu. Alitoa simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, akafungua ratiba ya kliniki.

Akapitisha kidole toka juu hadi chini...

Kisha akacheka kwa furaha. Akasema ile ya majaribio tuliyowapa wiki iliyopita, kwenye simu yake, siku zote zilikaa juu na saa zote zikaangukia chini, hujui ipi ni ya ipi. Kuna mama wa presha aliisoma hivyo, akaja siku ambayo si yake, akarudi nyumbani bila dawa. Matroni akapiga simu ofisini kwetu jana, akajibiwa litashughulikiwa. Sasa kila siku ina saa yake na daktari wake mbele yake.

Nikachungulia ile simu. CSS yangu yote ilikuwa palepale, haijaguswa. Mjomba alikuwa amerudisha ratiba tu kwenye jedwali, kwa sababu ratiba ni jedwali! Nilikuwa nimeyachukia majedwali mpaka nikaling'oa hata lile lililokuwa mahali pake.

"Nani amerekebisha?" matroni akauliza.

Bosi, aliyeamini mzee aliharibu tu, akanigeukia.

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema.

"Ni mimi," nikasema.

Kazi nikapata.

Jioni mjomba akapiga simu. Nilijiandaa kutukanwa, na moyoni nilitaka anitukane.

"Ratiba imesomeka kwenye simu ya matroni?"

"Imesomeka, mjomba."

"Basi vizuri."

Akakata.

Nyumbani amewaambia ameacha kazi kwa sababu ya macho. Mama yangu kila wiki ananisisitiza nisisahau kumshukuru kaka yake, na mimi naitikia tu.

Nisemeni mnavyotaka, nastahili. Ila wewe ukimkuta mtu kwenye kazi yako, muulize kwanza anafanya nini. Mimi nilikuwa na saa nzima ya kuuliza.